Gari Linapokula Mafuta Kupita Kiasi

Lawama kwamba gari linakula mafuta mara nyingi haitokani na kipimo chochote. Madereva wengi wa Afrika Mashariki hujaza kwa shilingi, si kwa lita. Bei ya petroli ikipanda, hela zilezile huisha njiani mapema, na lawama huiangukia injini. Mshale wa mafuta kwenye dashibodi nao si wa kuaminiwa, kwani unakisia tu.

Kipimo halisi hakihitaji fundi. Tanki hujazwa mpaka pampu ijikate yenyewe, kisha kilomita huandikwa. Mafuta yakishuka chini ya nusu, gari hurudishwa kwenye pampu ileile na kujazwa tena mpaka ikate. Kilomita zilizotembewa zikigawanywa kwa lita zilizoingia, jibu hupatikana: kilomita 336 kwa lita 28 ni kilomita 12 kwa lita. Tahadhari ni moja. Gari lililovishwa matairi makubwa kuliko ya asili huandika kilomita pungufu, kwa hiyo huonekana mlafi kuliko lilivyo.

Jibu hilo lilinganishwe na safari ya kawaida ya gari lenyewe, si na namba ya kiwandani. Magari mengi yaliyoagizwa Japani yalitangazwa kwa kipimo kilichoitwa 10-15, ambacho kilifanyika juu ya rola, na mwendo wake haukuzidi kilomita 70 kwa saa. Namba hiyo haipatikani kwenye foleni ya jiji, hata kwa gari zima kabisa.

Ikithibitika kwamba ulaji umeongezeka, ukaguzi uanze na vitu visivyogharimu kitu. Harufu ya petroli karibu na gari lililoegeshwa ni dalili ya kuvuja, nayo ni hatari kabla ya kuwa hasara. Upepo wa matairi ulingane na kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, japo upungufu mdogo wa upepo hauwezi peke yake kueleza robo ya tanki iliyopotea. Breki inayoganda inaweza. Baada ya mwendo wa dakika 20 barabarani bila kukanyaga breki sana, mkono ukisogezwa karibu na kila rimu, bila kuigusa, moja ikikutwa inafukuta kuliko wenzake, kalipa ya gurudumu hilo haiachii. Gari likipigwa jeki, gurudumu hilo huzunguka kwa shida, na injini imekuwa ikilivuta mchana kutwa.

Chujio la hewa ndilo hulaumiwa kwanza gereji, na kwa magari ya leo husingiziwa. Kwenye injini ya kabureta, chujio lililoziba huzidisha mafuta kuliko hewa. Kwenye injini ambayo nozeli zake zinaongozwa na kompyuta, hewa ikipungua mafuta nayo hupunguzwa. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Marekani, ilijaribu jambo hili mwaka 2009, ikaona chujio lililoziba linapunguza nguvu ya gari bila kuongeza ulaji kwa kiasi cha maana.

Mhalifu mkubwa zaidi mara nyingi ametengenezwa na fundi mwenyewe. Gari linapochemsha, mafundi wengi hutoa themostati na kuitupa, wakisema nchi za joto haziihitaji. Kazi ya kifaa hicho ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake, ambalo kwa injini nyingi ni nyuzi 80 na kitu. Kikiondolewa, injini huchelewa kupata joto, na kwenye barabara kuu huenda isilifikie kabisa. Kompyuta huhesabu kwamba injini ndiyo kwanza imewashwa asubuhi, ikaendelea kumwaga mafuta ya ziada. Dawa ni kurudisha themostati na kutibu kilichosababisha kuchemsha: rejeta iliyoziba, feni mbovu au maji yanayovuja.

Sensa ya joto la maji ikisema uongo, matokeo ni hayohayo. Sensa ya oksijeni iliyopo kwenye bomba la moshi ikifa, kompyuta hukosa macho. Uchanganyaji sahihi wa petroli ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta, na bila sensa hiyo kompyuta hukadiria tu, aghalabu kwa kuzidisha mafuta. Plagi zikifunguliwa, rangi ya kahawia iliyofifia ni njema, masizi meusi makavu ni mafuta yaliyozidi. Plagi moja isiyochoma huacha oksijeni ipite bila kutumika, sensa ikadhani mafuta ni machache na kuomba mengine.

Hapo ndipo kompyuta ya kupimia inapofaa, ila si kwa kusoma namba za makosa tu. Mwenye gari aombe kuonyeshwa joto la maji na asilimia ya marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza, injini ikiwa inaunguruma. Marekebisho yakizidi asilimia 10 juu au chini ya sifuri, kuna tatizo la kutafutwa. Fundi anayetaka kubadilisha sensa kabla ya kuona takwimu hizo anabahatisha kwa pesa ya mteja.

Baada ya matengenezo, hasa kama betri ilichomolewa, kompyuta hujifunza upya, hivyo tanki la kwanza lisitumike kuhukumu. Kipimo kirudiwe kwenye tanki la pili, kwa njia ileile na pampu ileile.