Bakteria Wanaomeza Onyo la Mizizi

Mwaka 2025 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa Mariangela Hungria, mwanasayansi wa Brazili ambaye kwa zaidi ya miaka 40 amekuwa akiwasaka bakteria wa udongo wanaoweza kushika nafasi ya mbolea za viwandani, hasa kwenye soya. Habari hiyo imemfanya msomaji wetu wa Kongwa aulize: bakteria hao wa soya wanamhusu nini yeye anayelima mahindi, ambayo kila Februari mvua ikipumzika yanajikunja majani kama mikeka?

Soya na vinundu vya mizizi yake nitavipita. Kila aliyewahi kuhudhuria semina ya maharage ameshasimuliwa habari za nitrojeni hadi akasinzia. Wanaonifurahisha mimi ni bakteria wengine, wasiojenga vinundu, wanaoishi wamegandamana na mzizi na kazi yao kubwa ni ulafi.

Tuanzie kwenye ndizi. Mkungu ukivumbikwa shimoni, ndizi huivishwa na gesi ya ethilini, ambayo huitoa zenyewe na ambayo imo pia katika moshi tunaoupuliza humo. Mwaka 1901 Dimitry Neljubow, akiwa Saint Petersburg, alionyesha kwamba gesi hiyohiyo, ikivuja kutoka kwenye taa za maabara, ndiyo iliyokuwa ikidumaza na kupinda miche yake ya njegere. Ningependa tuiite gesi-vumbiko, jina ambalo mama yeyote wa Bukoba angelielewa bila kufunua kamusi. Ila kuivisha ni moja tu ya kazi zake, basi ethilini na ibaki.

Mmea wenye kiu nao huitoa, kwa wingi. Mizizi huacha kurefuka, majani huzeeka kabla ya siku zake, maua hupukutika. Mmea unabana matumizi. Tatizo ni kwamba haujui kama mvua imekwenda moja kwa moja au itarudi wiki ijayo, kwa hiyo mara nyingi hubana mno, na gesi yake yenyewe ikauumiza kuliko ukame.

Kabla ya kuwa gesi, ethilini huwa kitu kingine kinachoitwa kwa kifupi ACC. Jina lake refu lingekula mstari mzima, tuliache. Hapa ndipo utamu ulipo.

Chukua ofisi ya wilaya ambayo hazina yake imeanza kukauka. Mkubwa ameagiza utolewe waraka: kazi zote zisimame. Makarani wanapiga nakala kwa mamia, lakini nakala isiyogongwa mhuri haina nguvu. Nakala hizo ni ACC. Zikigongwa mhuri zinakuwa ethilini, na kila idara inafunga mlango. Sasa chini ya dirisha ameketi muuza karanga. Maandishi hayamhusu, yeye anatafuta karatasi za kufungia karanga. Kila nakala inayopeperuka nje anaiokota, anaikunja, anauza. Na kwa kuwa nje hapajai kamwe, za ndani zinazidi kutoka, hadi mezani kwa mgonga mhuri zinabaki chache, na ofisi inaendelea na kazi kana kwamba waraka ulikuwa uvumi. Ila mgonga mhuri ana mkono mwepesi sana. Muuza karanga mmoja hamwezi. Lazima wawe kundi zima, tena wawe wameshaketi kabla mhuri haujatolewa kwenye droo. Wajanja hao hata huwapitishia makarani wino wa bure, ili nakala zisikauke!

Kila kipande cha hadithi hiyo kina mwenzake udongoni. Karanga ni nitrojeni: bakteria ana kimeng'enya kinachoikata ACC na kupata amonia, naye hujilisha kwayo. Wino ni oksini, homoni ambayo bakteria wengi wa aina hii huitengeneza kutokana na vitu vinavyovuja mizizini. Huurefusha mzizi, na papo hapo huuchochea mmea uzalishe ACC zaidi. Wepesi wa mgonga mhuri nao ni wa kweli: kimeng'enya cha mmea hunasa ACC kirahisi kuliko cha bakteria, ndiyo maana cha bakteria lazima kiwe kingi mara nyingi zaidi. Wajapani Honma na Shimomura walikieleza kimeng'enya hicho mwaka 1978. Ilichukua miaka 20 hadi Bernard Glick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walipoeleza mwaka 1998 kinavyoweza kuunufaisha mmea.

Kisha wakaja na jaribio ninalolipenda kuliko yote. Shimon Mayak, Tsipora Tirosh na Glick, katika ripoti ya 2004, walieleza habari za bakteria waliotolewa katika udongo wa Arava, jangwa la kusini mwa Israeli, wakiamini kwamba anayeishi penye kiu ya kila mara ndiye atakayefaa. Mmoja wao, Achromobacter piechaudii, alitiwa kwenye miche ya nyanya na pilipili, kisha maji yakakatwa. Iliyokuwa naye ilitoa ethilini kidogo na ikawa mizito kuliko isiyokuwa naye. Lakini soma hapa taratibu: ilipoteza maji kwa kiwango kilekile! Bakteria hakuleta hata tone. Tofauti kubwa ilionekana maji yaliporudishwa, maana miche yake iliinuka upesi.

Jibu la Kongwa limo humo. Msimu ukifa Januari, hakuna bakteria wa kuufufua. Dawa hii ni ya pengo lile la Februari, mmea unapohitaji kutokata tamaa mapema. Kweli, majaribio mengi ni ya vyunguni na shambani matokeo huyumba, maana wenyeji wa udongo hawampokei mgeni kwa mikono miwili. Pia ethilini kidogo ya mwanzo huamsha ulinzi wa mmea, si ya kumalizwa yote. Sasa, bakteria huyo atapatikana wapi?

Pakiti za bakteria zinazouzwa kwetu, kama Biofix iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ni za mikunde. Usiipake mbegu ya mahindi ukangoja muujiza. Bakteria wa kuyasaidia mahindi katika pengo la Februari ningemtafuta kwa njia ya Waterloo: chukua udongo wa mizizini, upandikize kwenye chakula ambacho nitrojeni yake yote ni ACC. Asiye na kimeng'enya atakufa njaa sahanini, atakayenawiri ndiye. Mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Sokoine au cha Dodoma anayehangaika na mada ya tasnifu aende na koleo kwenye makorongo makavu ya Kongwa, achimbe chini ya vichaka ambavyo Oktoba bado vina majani.