Je, Wajua? Ujira wa Mashine Zilizosimama
Je, wajua kwamba Robert Owen, aliyeshika usimamizi wa viwanda vya pamba vya New Lanark, Uskoti, mwaka 1800, alipokosa pamba kwa sababu ya marufuku ya biashara iliyotolewa na Marekani, alizisimamisha mashine kwa muda wa miezi 4, na juu ya hayo akawalipa wafanyakazi ujira wao kamili, bila ya kuwadai kazi ila kuzisafisha tu? Gharama yake ilizidi pauni 7,000. Lakini watu wale, ambao hadi wakati huo walimtilia shaka, wakamwamini, na imani hiyo, kwa rai yangu, ilikuwa rasilimali isiyonunulika. Hakuwa malaika, maana kando ya kila mfanyakazi alitundika kibao chenye nyuso 4, uso mweusi ukishuhudia kazi mbaya na mweupe kazi bora.