Fahamu: Jinsi kimelea cha nyama kinavyoharibu mishipa ya damu jichoni

Machinjio ya Dagoretti hulisha bucha nyingi za Nairobi. Nyama isiyoiva vizuri, sawa na kinyesi cha paka, yaweza kubeba toksoplasma, kimelea kilichogunduliwa Tunis mwaka 1908. Wengi wakikipata hawaugui. Kwa wachache, hufika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Chembe za kinga zikikishambulia, mishipa ya damu iliyo karibu nacho huvimba kuta, na majimaji au damu huvuja. Mshipa ukiziba, sehemu uliyoilisha hukosa oksijeni na kufa. Kovu likibaki katikati ya retina, unamtazama mwanao na kuona nywele na masikio, lakini uso wenyewe ni kiza.

Jicho huenda lisiume hata kidogo! Utaona vidoa vinavyoelea, au ukungu. Tafadhali usijinunulie dawa za steroidi: zikitumiwa peke yake, bila dawa ya kuua kimelea, zinaweza kuzidisha uharibifu. Badala yake, nenda hospitali: kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu hakiko mbali na Dagoretti. Huko mboni hupanuliwa kwa matone, retina ikachunguzwa.