Simu Imezingua? Soma Hapa Kabla Hujaipeleka kwa Fundi



Leo naongelea simu na kompyuta zetu za kazi zikianza kusumbua. Mimi siyo fundi. Ni muuza duka tu hapa Karatu, shule niliishia sekondari, haya mambo nimejifunza kwa kushika, kuuliza na kusoma usiku bando likiwa bei rahisi. Ila nimeona kitu kimoja kinajirudia kwa watu wa biashara za mtandaoni: hasara kubwa haiji siku simu inapoharibika, inakuja siku inapotoka kutengenezwa.

Kuna dada anauza mashuka na shanga, wateja wake wengi wako Arusha na Dar. Simu ikapasuka kioo. Akaiacha kwa fundi asubuhi, laini ikiwa ndani, na pasiwedi imeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa nyuma ya simu. Jioni akaichukua, kioo safi, bei ya kawaida, akashukuru. Siku ya tatu wateja wake wakaanza kupata meseji za WhatsApp kutoka kwenye namba yake yeye, na picha yake ileile, kwamba namba ya malipo imebadilika, watume kwenye namba nyingine. Watu watatu wakatuma. Wa nne ndiyo alipiga simu kuuliza, na hapo ndipo dada akajua.

Laini yake haikuibiwa. Mtu alichofanya ni kufungua WhatsApp yake, kuingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na kuiunganisha na kompyuta. Haichukui hata dakika moja. Baada ya hapo simu ukiirudisha mfukoni, yule mtu bado anasoma oda zako akiwa amekaa kwake, na anaweza kujibu kama wewe. Dada wa watu aliwalipa wale watatu kwa mzigo wake mwenyewe, maana mteja hana habari na fundi. Anachojua ni kwamba meseji ilitoka kwako.

Sasa tusije tukawaonea mafundi. Wengi ni vijana waaminifu, wanaishi kwa jina zuri kama sisi. Shida ni meza. Kibanda kimoja, simu kumi na tano mezani, fundi katoka kwenda kutafuta spea, na pale kuna jamaa wawili watatu wamekuja kupiga stori. Fundi unamjua, hao wengine huwajui. Na msidhani ni mambo ya huku kwetu tu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph kule Kanada walipeleka kompyuta kwenye maduka ya ufundi, zikiwa zimewekwa programu ya kurekodi kimyakimya kila kinachofunguliwa. Kwenye maduka sita, mafundi walikuwa wamefungua vitu binafsi vya mteja, na mawili kati ya hayo walikopi kabisa. Tatizo lenyewe lilikuwa dogo tu, sauti haitoki. Na mwenye kompyuta akiwa mwanamke, upekuzi ulikuwa mwingi zaidi. Dada zangu mnaouza mtandaoni, hilo liwekeni akilini.

Kwa hiyo kwanza, punguza safari za kwa fundi. Matatizo mengi yanaisha nyumbani.

Simu haipeleki chaji? Kwa hapa Karatu naanza kushuku vumbi kabla ya kitu kingine. Ukitoka lami unajua mwenyewe, kiangazi kile chekundu kinaingia hadi kwenye unga. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mti, siyo sindano wala pini, chokoa taratibu ndani ya tundu la chaji huku ukimulika na tochi. Utashangaa kinachotoka. Usipulize kwa mdomo, unaingiza mate. Kisha jaribu waya mwingine na kichwa kingine cha chaja. Ukifanya hayo matatu na bado haipeleki, hapo sawa, ni ya fundi.

Simu nzito, inaganda, picha za bidhaa hazipigiki? Kabla hujakubali kuambiwa "tuiflashi", angalia nafasi. Kwa muuzaji, anayekula nafasi mara nyingi ni WhatsApp, yale mavideo ya magrupu. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi, itakuonyesha grupu lipi linabeba nini, likubwa linakaa juu. Futa video za magrupu, acha picha za bidhaa zako. Zima simu, washa. Kuflashi ni kufuta kila kitu, na kama hukuwa na bakapu, namba za wateja wa miaka miwili zimekwenda.

Mtandao umegoma? Weka hali ya ndegeni sekunde kumi, toa. Usibadilishe mipangilio hovyo kabla hujamuuliza jirani kama na kwake upo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisumbua nchi nzima na nchi jirani. Siku kama hiyo hakuna fundi wa kukusaidia. Pigia wateja simu ya kawaida.

Ndugu zangu mlioko kule juu Ngorongoro, ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya asubuhi mwezi wa saba mnaijua kuliko mimi. Betri kwenye baridi inashuka ghafla, asilimia thelathini inazima kama imekwisha. Betri si lazima iwe mbovu. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili ipate joto, itarudi. Nimeona watu wananunua betri mpya kwa ajili ya baridi tu.

Na simu ikilowa, zima, toa laini, ifute, iache ikauke sehemu yenye hewa, usichomeke chaji. Mchele upike. Hata Apple mwaka 2024 waliwaambia watu wasiweke simu kwenye mchele, kwa sababu vipande vidogo vinaweza kuingia na kuharibu.

Kompyuta nayo. Imegoma kuwaka kabisa? Kwa zile za kubeba, chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilia sekunde thelathini, achia, rudisha chaja, washa. Kuna umeme unabaki umenasa ndani, hii inautoa. Ikiwaka lakini kioo cheusi, mulika tochi kwenye kioo kwa upande. Ukiona picha kwa mbali, ni taa ya kioo imekufa, mafaili yako yako salama. Azima waya wa HDMI, chomeka kwenye TV, fanya kazi zako na utoe mafaili kabla hujaenda popote. Umeme ukikatika, chomoa kila kitu, na ukirudi usikimbilie kuchomeka, subiri dakika chache utulie. Vingi vinaungua wakati umeme unarudi.

Halafu ile ya flashi. Umeenda steshenari kuprinti lebo, umerudi, mafaili yote yamegeuka shotikati. Usifomati! Mara nyingi mafaili yapo, virusi vimeyaficha tu. Usibofye shotikati hata moja. Kwenye kompyuta yenye Windows na kinga ya virusi inayofanya kazi, skani flashi kwanza. Kisha fungua lile dirisha jeusi la amri (andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta) na uandike hivi, ukibadilisha F iwe herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Mafaili yatajitokeza. Yakopi pembeni, ndiyo ufomati.

Tukiwa hapohapo steshenari, kuna kitu kinaniuma kuliko virusi. Unataka kopi ya kitambulisho cha NIDA, unaituma WhatsApp ya steshenari, wanaprinti, unalipa, unaondoka. Ile picha imebaki. Ukichungulia kioo cha kompyuta yao utaona vitambulisho vya watu wamepangwa kama mafungu ya nyanya. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Sasa wangapi hapa PIN ya M-Pesa au Airtel Money ni mwaka wa kuzaliwa? Mtu ana jina lako, sura yako, namba yako ya simu na mwaka wako, amebakiza nini? Badilisha PIN leo, usingoje kesho. Na steshenari simama hapo hapo, waombe wafute, na kwenye pipa la taka la kompyuta pia wafute. Sema kwa upole, "kaka naomba unifutie hiyo". Hawakatai.

Haya, fundi hakwepeki, kioo kimepasuka kweli. Kabla hujatoka nyumbani, toa laini zote na kadi ya memori. Kioo hakihitaji laini. Akisema anataka kujaribu kama inapiga, atumie laini yake. Weka bakapu ya picha na ya WhatsApp kwenye akaunti yako ya Google. Kama uliandika PIN kwenye noti au uliipiga picha, na najua mpo, futa.

Samsung nyingi za miaka ya karibuni zina kitu kinaitwa Maintenance Mode, kipo kwenye mipangilio sehemu ya betri na utunzaji wa kifaa. Ukikiwasha simu inajizima na kuwaka ikiwa kama mpya, fundi anaweza kujaribu kioo, kamera na spika, lakini picha, meseji na namba zako hazionekani mpaka uirudishe wewe kwa alama yako. Kilianza kutoka mwishoni mwa 2022. Wengi wanacho na hawajui. Simu yako kama haina, basi angalau usiache pasiwedi. Mwambie fundi akimaliza akupigie kwenye namba nyingine, utakuja kuifungua wewe. Kazi ya nusu saa, kaa pale. Siku za mnada, tarehe 7, kibanda kimejaa mpaka nje, mimi nisingepeleka simu siku hiyo.

Ukiichukua, usiweke laini kwanza. Fungua ukiwa palepale: WhatsApp, vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta usiyoijua, iondoe. Angalia kama kuna programu ngeni. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili wa WhatsApp, zile namba sita unazochagua mwenyewe, kwa sababu hizo ndizo zinamzuia mtu kuifungua akaunti yako kwenye simu nyingine hata akipata kodi inayokuja kwa meseji. Na kodi hiyo hapewi mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kampuni ya simu.

Laini nayo ina PIN yake, tofauti na ya pesa. Ukiiwasha, mtu akiiba laini na kuiweka simu nyingine itamgomea. Ila tunza kile kikadi ilichokuja nacho laini, kina namba za PUK. Ukikosea PIN mara tatu utaombwa PUK, na ukikosea PUK mara kumi laini imekufa, unaanza kupanga foleni.

Na kama umeshaingiliwa, usikae na aibu. Ondoa vifaa vyote, kisha tangaza mwenyewe mapema, status na kurasa zako zote: namba yangu ya malipo ni ileile, jina litakalotokea ni hili, likitokea lingine usitume. Ile namba ya tapeli itume kwa meseji kwenda 15040, ni ya kuripoti matapeli. Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako, ukikuta usiyoijua nenda kwa mtandao husika ikafutwe. Pesa ikiwa imetoka, piga huduma kwa wateja saa hiyohiyo, kisha polisi.

Kitu cha mwisho wengi hatukifikirii. Lile daftari au ile orodha ya wateja kwenye simu, majina, namba, mtu anakaa wapi, basi gani linampelekea mzigo, siyo mali yetu peke yetu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina tume yake. Inamlinda yule mteja wako wa Dar dhidi ya mtu anayechezea taarifa zake, na mtu huyo anaweza kuwa wewe uliyeacha simu wazi mezani. Skrini za miamala mnazopositi kuonyesha kwamba mnauza sana, jina na namba ya mteja zikionekana, zifuteni. Nimeziona tatu leo asubuhi kabla hata sijafungua duka.