Tizi la kulipia: Winga wa Mwamanyili atoe hela au abaki na wenzake?

DAKIKA ya 70 ndiyo inayowaumbua wengi mchangani. Winga aliyewakimbiza mabeki kipindi chote cha kwanza sasa ameshika kiuno, soksi zimeshuka, anaomba maji wakati mpira uko mguuni kwa mpinzani. Mashabiki walewale waliokuwa wanamshangilia wanageuka: "Toa huyo, pumzi imekata!"

Chukulia winga huyo ni kijana wa Mwamanyili, wilayani Busega mkoani Simiyu. Ana miaka 20, mguu wa kushoto unaongea, na amesikia kwamba baada ya wiki nane kuna majaribio Mwanza, mji wa Pamba Jiji iliyorudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25. Pamba ya shambani nayo imeuzwa, kwa hiyo mfukoni kuna chochote. Hapo ndipo anapotokea mchezaji wa zamani na kumwambia: "Dogo, kipaji unacho, pumzi huna. Nilipe nikupigishe tizi mwenyewe, utanishukuru."

Atoe au asitoe?

Zamani kocha binafsi lilikuwa jambo la mastaa. Siku hizi hata ndondo watu wanaulizana, maana kila mmoja ameona kwenye simu video za wachezaji wakiruka koni asubuhi na mtu wao pembeni ameshika saa.

Kwamba kocha wa viungo ana kazi yake, hilo halina ubishi. Shabiki wa Simba akumbuke Machi 16, 2019, Uwanja wa Taifa. AS Vita walitangulia, Mohamed Hussein 'Tshabalala' akasawazisha, mechi ikaenda mpaka mwisho wa dakika 90 ndipo Clatous Chama akafunga la pili na Simba wakatinga robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Bao lile halikufungwa na mapafu peke yake, Chama ni Chama. Lakini timu iliyochoka haifiki langoni muda ule. Katika benchi la Patrick Aussems alikuwepo Mtunisia Adel Zrane, kocha wa viungo, aliyefariki dunia Kigali Aprili 2024 akiwa na APR.

Tofauti ni kwamba Zrane alilipwa na klabu na aliwafua wachezaji wote pamoja. Winga wa Mwamanyili anatakiwa kulipa mwenyewe. Akipatana Sh10,000 kwa kipindi, mara tatu kwa wiki, wiki nane ni Sh240,000. Hiyo ni nauli ya Mwanza, viatu na mboga ya muda mrefu, vyote vimeingia kwenye koni na filimbi.

Na pumzi, bahati nzuri, haihitaji filimbi ya kulipia. Mwaka 2001 watafiti wa Norway, Jan Helgerud na wenzake, walichapisha matokeo ya jaribio kwa wachezaji vijana wa miaka kama 18. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki nane, vijana wale walikimbia kwa nguvu dakika nne, wakajivuta taratibu dakika tatu, wakarudia mpaka zikatimia awamu nne. Basi. Walipopimwa tena kwenye mechi, umbali waliokimbia uliongezeka kwa asilimia 20 na idadi ya mbio za kasi iliongezeka maradufu. Wiki nane, yaani muda uleule alionao winga wetu. Ukali wa zile dakika nne ni ule wa kushindwa kumaliza sentensi ukiongea.

Misuli ya nyuma ya paja nayo ina dawa yake, na iko ndani ya FIFA 11+, mazoezi ya dakika 20 ya kupasha misuli. Unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, unajiachia mbele taratibu huku ukijizuia usianguke. Anatakiwa mtu wa kukushika tu, na timu nzima imejaa watu hao.

Sasa kocha binafsi anauza nini? Anauza jicho. Ataona goti linavyoingia ndani ukitua, au kwamba unakimbia umekalia visigino. Kwa mchezaji aliyetoka kwenye jeraha, akisharuhusiwa hospitali, jicho hilo lina thamani kubwa, kwa sababu kwenye timu ya watu 25 hakuna anayemwangalia yeye tu. Huyo alipe bila kujiuliza mara mbili.

Ila jicho la kweli hujulikana siku ya kwanza. Mwalimu anayejua kazi huanza kwa kukupima. Jaribio la Cooper la tangu 1968 halina gharama: kimbia dakika 12, hesabu umbali. Uwanja wa mita 100 kwa 60, mzunguko mmoja ni mita 320. Ukimaliza mizunguko tisa ni mita 2,880, na kwa kijana wa miaka 20 hiyo ni pumzi nzuri sana. Baada ya wiki nne unapimwa tena. Anayekukimbiza mpaka utapike siku ya kwanza, bila kuandika namba hata moja, huyo anakuuzia jasho lako mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo programu za kwenye simu hazilijui. Busega inapakana na Ziwa Victoria, na kijana anayecheza mpira huenda ndiye anayevua dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mtu aliyerudi ufukweni alfajiri hajalala, halafu saa 10 jioni apigishwe dakika nne mara nne? Hapo hata Zrane angemrudisha nyumbani akalale. Mbalamwezi inapowaka uvuvi hupumzika, na hizo ndizo siku za kukimbia kwa nguvu. Kocha wa kulipwa asiyeuliza kwanza unafanya kazi gani na unalala saa ngapi, hata akiwa na leseni ya CAF, bado hajamjua mchezaji wake.

Kwa winga wetu hesabu inakuja hivi. Amlipe yule mkongwe vipindi viwili tu, cha kwanza cha kupimwa na kuangaliwa anavyokimbia, cha pili katikati ya wiki nane. Sh20,000. Akipata wenzake wanne wa kuchangia, ni Sh4,000 kila mmoja. Inayobaki inunue mayai na maharage, dagaa wapo. Mkongwe akikataa, akasema kwake ni wiki nane zote au basi, kijana achukue saa yake aende uwanjani na wenzake kabla mwezi haujaanza kupungua.