Uzi: Kukataza, kuzuia na kupiga marufuku si kitu kimoja

Kila mara maandamano yakitangazwa hapa Kenya, ndani ya saa chache utaona vichwa vitatu vya habari kuhusu jambo moja. Kimoja kinasema polisi wamekataza maandamano. Kingine kinasema yamepigwa marufuku. Cha tatu kinasema waandalizi wamenyimwa kibali. Halafu chini yake watu wanatukanana mpaka usiku wa manane, kila mmoja akidhani wote wanabishania kitu kimoja. Hayo maneno hayana uzito sawa jameni, na tofauti yake inaweza kuamua kama mtu atalala kwake ama kwa seli.

Tuanze na kukataza. Neno limetoka kwa kukataa: ukimkataza mtu, unataka naye alikatae hilo jambo. Ni kazi ya mdomo. Mama anakukataza kucheza kwa mvua, daktari anakukataza chumvi, na jirani anaweza kukukataza kuegesha gari karibu na geti lake hata kama barabara si ya babake. Kukataza hakuhitaji sheria yoyote nyuma yake, ni mtu tu kuamini ana sauti juu yako.

Kuzuia ni kazi ya mkono. Ndiyo maana kile kitu polisi wanaweka barabarani kinaitwa kizuizi. Hebu jaribu hivi: sema "nilimkataza, akaenda." Hiyo iko sawa, hakuna mtu atashangaa. Sasa sema "nilimzuia, akaenda." Watu watakuuliza, alipitia wapi? Kwa hivyo ukisoma "polisi wazuia maandamano" kabla siku yenyewe kufika, jua mwandishi ameruka hatua. Hakuna kilichozuiwa bado. Kuna mtu amesema kitu mbele ya kamera.

Kupiga marufuku ndiko kunatusumbua zaidi, kwa sababu neno lenyewe linasikika kama sheria. Umeliona kwa kuta: "Ni marufuku kukojoa hapa." Halijasemwa ni nani anasema, wala kwa nguvu gani. Limejitosheleza tu. Lakini marufuku ya serikali lazima iwe na mahali imetoka. Mfano mzuri ni mifuko ya plastiki. Notisi ya Februari 2017 ilichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, watu wakapewa miezi 6, na marufuku ikaanza tarehe 28 Agosti mwaka huo, chini ya sheria ya mazingira ambayo ilikuwa tayari ina adhabu: faini ya hadi shilingi milioni 4 ama kifungo cha hadi miaka 4. Mama mboga hakufurahia, wenye viwanda walienda kortini, lakini ukiuliza "imeandikwa wapi?" ulionyeshwa karatasi.

Linganisha na shisha. Nayo ilipigwa marufuku, Desemba 2017, na Mahakama Kuu haikuiondoa marufuku hiyo 2018, ila ikataka wizara irekebishe utaratibu wa kanuni zake. Januari 2024, hakimu wa Shanzu kule Mombasa akawaachilia watu walioshtakiwa kwa shisha, akisema kanuni hizo hazikuwahi kupelekwa Bungeni inavyotakiwa. Mabishano hayakuishia hapo, lakini angalia kilichokuwa kinabishaniwa: si kama shisha ni mbaya, ni kama marufuku ilizaliwa vizuri. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni za mawaziri inataka kanuni ifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo inakufa. Waziri anaweza kutangaza na uso wa kazi, nywele zimechanwa, bendera nyuma yake, na bado kanuni ikafa.

Sasa turudi kwa maandamano. Julai 2024 polisi walitangaza hakuna maandamano katikati ya jiji la Nairobi mpaka taarifa nyingine, wakisema waandamanaji hawana viongozi wa kuongea nao. Vichwa vya habari vikaandika "marufuku." Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo kesi ikisubiri kusikizwa. Na hapo tena watu wakakosana, maana kuna waliosoma "limesimamishwa" wakaelewa "limefutwa." Kusimamisha ni kushika kitu kikiwa njiani. Kinaweza kuendelea, kinaweza kufa. Mtu wa upande wowote anayeshangilia agizo la muda kana kwamba ni hukumu ya mwisho anakuuzia paka kwa gunia.

Lakini kwangu neno baya kuliko yote ni lile la upole: kunyimwa kibali. Mtu hanyimwi ila kitu kilichoko mkononi mwa mwingine. Ukikubali "wamenyimwa kibali," umeshakubali kwamba kibali kilihitajika, na ubishi umeisha kabla uanze. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inataka mwandalizi apeleke taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Taarifa. Unamwambia, humwombi. Kama kuna wengine walishapeleka taarifa ya mahali na wakati uo huo, anatakiwa kukujulisha ili mtafute siku nyingine.

Na tusidanganyane upande wa pili pia, kwa sababu kuna wale wa "Katiba imesema, mambo imeisha." Sheria hiyohiyo inampa afisa nguvu ya kuzuia ama kusimamisha mkutano ikiwa taarifa haikutolewa, ama kukiwa na hatari ya wazi na ya karibu ya amani kuvunjika. Nguvu ya mkono iko. Inatakiwa tu iwe na sababu yake, na hiyo sababu ndiyo ya kuulizia. "Kwa sababu tumekataza" si moja yazo.

Binamu yake kibali ni "hatutaruhusu." Utalisikia kila wiki: hatutaruhusu watu wachache kuvuruga biashara. Sentensi inasikika kama ya ulinzi, na pengine ni ya ulinzi kweli, lakini ndani yake kuna mtu amejifanya mlango.

Kuna aliyeniuliza kuhusu "mkutano haramu." Haramu ya kanisani ama msikitini tuiache kando. Katika Kanuni ya Adhabu, mkutano haramu ni watu 3 ama zaidi waliokusanyika wakikusudia kutenda kosa, ama wenye lengo moja ambao mwenendo wao unawafanya majirani, kwa sababu ya msingi, kuogopa kwamba amani itavunjika. Sura ya 56 inaongeza mkutano unaofanywa kinyume na masharti yake ya taarifa. Nia, mwenendo, taarifa. Kibali hakimo.