Umeacha kazi, usiwaache watu

SIKU ya mwisho kazini hufanana kila mahali. Soda zinanunuliwa, mkubwa wa kazi anasema maneno mawili matatu, watu wanapiga picha na kila mmoja anaahidi kupiga simu. Mwezi wa kwanza simu zinapigwa kweli. Mwezi wa sita ni salamu za sikukuu tu. Baada ya miaka miwili, mtu uliyekula naye chakula cha mchana kila siku hujui hata anaishi wapi.

Kwingine jambo hilo linasikitisha tu. Kwa mkazi wa Nengo, mjini Gisenyi, linaweza kumgharimu zaidi. Mtaa huu wa wilaya ya Rubavu uko kando ya Ziwa Kivu, na mji wenyewe umepakana na Goma, nchini Kongo. Wapo wengi waliofanya kazi upande wa pili, kwa hiyo wenzao wa zamani wako nchi nyingine, ingawa ni mwendo wa miguu.

Mwendo huo unaweza kukatika kwa siku moja. Machi 2020, mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona, lango dogo linaloitwa Petite Barrière, lililokuwa likivukwa na makumi ya maelfu ya watu kwa siku, lilinyamaza. Waliokuwa wakivuka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni walibaki nyumbani, wengine bila hata kuagana na wenzao. Rwanda ilifungua tena mipaka yake ya nchi kavu Machi 7, 2022.

Kabla ya hapo, usiku wa Mei 22, 2021, Nyiragongo ililipuka na maelfu ya watu wa Goma wakakimbilia Gisenyi, kama walivyofanya Januari 17, 2002, lava ilipopita katikati ya mji wao. Mwaka 2002 simu za mkononi zilikuwa za wachache. Mwaka 2021 wengi walikuwa nazo, lakini simu haisaidii kama huna wa kumpigia. Na kumpigia usiku mtu ambaye hukumsalimu kwa miaka mitatu, ukamwomba mahali pa kulaza watoto, ulimi huwa mzito.

Januari 2025, vita vilipofika Goma, Umoja wa Mataifa uliwahamisha baadhi ya wafanyakazi wake. Waliokuwa wakikaa meza moja walitawanyika katika siku chache.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini rafiki huyo hutunzwa wakati wa raha. Afanyeje basi anayeacha kazi?

Kwanza, ashughulikie namba. Wengi hurudisha simu na laini ya ofisi, na majina yote yanabaki humo. Yanakili mapema kwenye daftari. Kwa mwenzako wa mpakani andika laini zote mbili, ya Rwanda na ya Kongo.

Pili, salimia wakati huna shida. Anayepigiwa simu pale tu mwenzake anapotafuta kazi au mkopo hujifunza kutopokea. Kundi la WhatsApp ni zuri, lakini halitoshi. Humo watu hutumiana vichekesho, na anayeumwa hunyamaza. Mpigie yeye mwenyewe, muulize habari za mama yake.

Tatu, wekeni kitu kinachowakutanisha. Upatu, ambao Rwanda huitwa ikimina na Kongo likelemba, unafaa sana, kwa kuwa kila mwezi mtu atalazimika kukutafuta. Mchango wa harusi au msiba nao hufanya kazi hiyo hiyo. Anayefika msibani kwa mwenzake wa zamani hasahauliki.

Jambo moja la kuepuka ni umbea wa ofisi. Uliyemwacha bado anakula pale. Ukimfanya akupe siri za mkubwa wake, siku moja ataona ni salama zaidi kukaa mbali nawe.

Leo jioni fungua simu yako, tafuta jina la mtu mmoja mliyefanya kazi pamoja, mpigie. Akiuliza una shida gani, mwambie huna shida yoyote, ulitaka kumsikia tu.